Waifai ya Nyumba Yenye Mgonjwa

Baraka, 7 Agosti 2023

Kaka Isidore,

Salamu za nyumba nzima nimempa Roger azibebe mdomoni, maana pikipiki yake inafika kwako kabla salamu hazijapoa. Hapa karatasini naingia moja kwa moja kwenye shida.

Ni Bahati. Tangu alipoanguka na pikipiki mwezi wa tatu kwenye barabara ya Misisi na paja likavunjika, unajua tumesubiri mfupa uunge. Umeunga. Mtu wa kiné, yule anayefundisha miguu kutembea tena, amesema mbele ya mama kwamba mguu sasa ni mzima, kazi iliyobaki ni ya Bahati mwenyewe: asimame, ashike magongo, atembee kila siku. Asipotembea, goti litakauka na kubaki hivyo hivyo. Bahati amesikia yote, akageukia ukuta. Wenzake wa parking ya pikipiki wakija anajifanya amelala. Kaka, ana miaka ishirini na minne na anaishi kama godoro.

Basi nimewaza hivi. Ile salle yangu ya michezo, hapo getini, ina mashine tano, na vijana wa parking wanakuja kila jioni kucheza mpira wa kwenye kompyuta. Nikachukua mashine ya sita nikaiweka kitandani kwa Bahati, ng'ambo ya ua. Acheze nao akiwa kulekule. Moyo ukisimama, mguu utafuata. Lakini nikifungua mchezo kwenye mashine yangu ili wengine waingie, hakuna anayeniona. Wote wanaambiwa kwa Kifaransa kwamba hakuna mchezo uliopatikana. Waifai inashika, nyaya zimechomekwa, jua lipo, betri imejaa. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwasha kompyuta kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, basi usiniache njiani.

Kwenye mfuko mweusi kuna ndagala. Wewe ni mtu wa milimani siku hizi, najua unaota samaki.

Wako,
Nuru

*

Fizi, 10 Agosti 2023

Dada Nuru,

Ndagala zimefika, lakini si zote. Roger ana harufu ya samaki mdomoni na anasema ni upepo wa ziwa.

Habari ya Bahati imenikata maini. Nilidhani ameshaanza kutembea. Simu huku inashika juu ya kilima tu, na huko juu sifiki kabla ya Jumapili, kwa hiyo andika, usichoke. Nitajibu kila barua hata kama wanafunzi wangu wa masomo ya likizo wataukosa mtihani wa hesabu, jambo ambalo litawafurahisha sana.

Tuanze na mashine yako, ile inayofungua mchezo na kuwapokea wengine. Mara ya kwanza ilipokutana na waifai yako ilikuuliza swali: hii réseau, yaani mtandao, ni ya public au privé, ya watu wote au ya nyumbani? Nina hakika ulijibu public. Ukijibu hivyo, mashine inadhani iko sokoni katikati ya watu isiowajua, inajifungia mlango na kunyamaza. Nenda kwenye mipangilio ya waifai, ubadilishe iwe privé. Halafu ule mchezo ukiomba ruhusa ya kupita kwenye pare-feu, yaani yule mlinzi wa mlangoni, mwambie apite. Fanya hivyo kwenye mashine zote sita.

Mwambie Bahati mimi namdai mechi.

Isidore

*

Baraka, 15 Agosti 2023

Kaka Isidore,

Wewe ni mchawi au ulikuwa umekaa nyuma yangu? Kweli nilijibu public. Sasa salle si ya watu wote? Ningejibu nini?

Nimebadilisha, na salle imewaka! Eddy wa parking aliona mchezo wangu papo hapo, na wenzake nyuma yake, wakapiga kelele mpaka mama akatoka jikoni kuuliza nani amekufa. Asante. Sina neno kubwa kuliko hilo, ningekuwa nalo ningelituma.

Lakini Bahati hapati. Na hii ndiyo inanitia wazimu: asubuhi anapata vizuri. Nikijaribu naye saa tatu, mimi salle na yeye kitandani, tunacheza bila shida. Mchana anapumzika, naizima mashine yake kuokoa betri. Jioni tukiiwasha tena, vijana wamejaa, hakuna kitu.

Ijumaa ilikuwa mbaya. Baada ya sala vijana wote walikuja kwa ajili yake. Bahati aliomba mama ampe ile jezi yake ya timu ya parking, akaivaa, akakaa wima kitandani, wima kabisa, kaka, kwa mara ya kwanza. Tukawasha. Hakuna mchezo uliopatikana. Tukazima, tukawasha. Hakuna. Kule salle wakasubiri, wakachoka, wakaanza bila yeye. Yeye akawa anawasikia wakishangilia. Nilipoingia alikuwa amevua jezi. Akaniambia: "Acha tu, Nuru. Hata mashine inajua mi si mutu wa kucheza na bantu tena."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo. Nisaidie.

Nuru

*

Fizi, 18 Agosti 2023

Dada Nuru,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Ile sentensi ya Bahati sitaijibu kwa maneno, nitaijibu kwa kuifanya mashine ikiri yenyewe kwamba ilidanganya.

Kitu kinachofanya kazi asubuhi na kukataa jioni hakijaharibika. Kuna jambo linalobadilika kati ya asubuhi na jioni, na kazi yetu ni kulishika mkia. Nilifikiria umbali, lakini ua haujirefushi mchana. Nikafikiria mabati, lakini na yenyewe yapo asubuhi.

Fanya hivi. Jioni ikikataa, fungua kwenye mashine ya Bahati lile dirisha jeusi nililokufundisha, uandike ipconfig, uniletee namba ya anwani. Ikianza na 192 kama za salle, nitafute kwingine. Ikianza na 169, ujue ile ruta yako, kile kisanduku kinachogawa waifai, haikumpa Bahati namba. Mashine ikinyimwa namba hujibandika yoyote, na kwa namba hiyo hakuna anayeiona.

Na uniambie jambo moja zaidi, usinifiche. Jioni nyumba yenu ikoje? Nani huja?

Isidore

*

Baraka, 21 Agosti 2023

Kaka,

169. Nimeiona kwa macho yangu, jioni mbili mfululizo.

Umeuliza nani huja. Ni swali gani hilo kwa mtu aliyelelewa na mama yangu? Nyumba ina mgonjwa, basi watu wote wanakuja! Bamama wa msikitini wanakuja na dua, Mama Espérance wa ng'ambo ya barabara anakuja na bamama wenzake wa kwaya ya waprotestanti, wavuvi wanapita na samaki wawili watatu. Wanakaa chumbani kwa Bahati, na yeye anawafumbia macho, na wao wanamwombea hivyo hivyo. Mpaka magharibi. Hakuna anayegusa mashine, kama ndilo unalowaza. Wanaiogopa.

Nuru

*

Fizi, 24 Agosti 2023

Dada Nuru,

Sasa nijibu bila kukasirika: hao bamama wana simu? Na neno la siri la waifai yako unampa nani?

Isidore

*

Baraka, 26 Agosti 2023

Simu wanazo. Neno la siri nimempa kila aliyeomba. Siku nikiweka forfait ya intaneti wanasoma ujumbe wa watoto wao walioko Kigoma na Uvira, siku zisizo na forfait simu zinakaa tu mfukoni. Jirani akija na kigae kuomba moto jikoni kwako, utamwambia hapana, huu ni wa kwangu peke yangu? Mama angenifukuza.

Kwani vipi?

N.

*

Fizi, 29 Agosti 2023

Dada Nuru,

Nimecheka peke yangu katika chumba cha walimu mpaka mkurugenzi akaniuliza kama nimepata barua ya mapenzi.

Sikiliza. Ruta yako ni ndogo, nilikuwa nayo mikononi siku unainunua. Ina namba kumi za kugawa, basi. Ichukulie kama chumba chenye viti kumi. Mashine tano za salle zimekaa tangu asubuhi, vimebaki viti vitano. Anaingia Mama Espérance, simu iko ndani ya kitenge, hajaigusa, lakini simu ile inaikumbuka waifai na inajikalia yenyewe. Wanaingia wenzake wanne. Viti vimekwisha. Na hata wakiondoka, ruta inawawekea viti vyao saa mbili hivi; kile cha Bahati cha asubuhi muda wake umeshakwisha mchana. Kisha mnaiwasha mashine ya Bahati, inabisha hodi, inaambiwa pamejaa. Wageni waliokuja kwa ajili ya mgonjwa wamemzuia mgonjwa kuingia!

Nimeanza kwa kucheka, nikamaliza vibaya. Kichwani niliwaona watu wale wote wamekaa kumzunguka Bahati, kila mmoja anamtakia heri, na hakuna hata mmoja anayejua. Mwonyeshe barua hii. Ajue kwamba mashine haikumkataa kwa sababu si mtu. Ilimkataa kwa sababu anapendwa na watu wengi kuliko viti vilivyopo.

Dawa ni fupi. Badilisha neno la siri, ulitie kwenye mashine sita tu, usimpe mtu mwingine.

Isidore

*

Baraka, 3 Septemba 2023

Kaka Isidore, ndugu yangu,

Kubadilisha neno la siri ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa Mama Espérance. Alinyoosha simu, "Nuru, waifai yako inanikatala, niandikie tena," na mimi nikasema kisanduku kimezeeka. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa chumvi imekwisha huku anauona mfuko. Nimeona haya. Lakini nilikaza moyo.

Na Bahati anacheza! Asubuhi, jioni, muda wowote. Barua yako sikumwonyesha, nilimsomea. Akasema, "Mama Espérance njo alikalia kiti yangu? Na vile iko munene?" Akacheka. Kaka, kicheko hicho sijakisikia tangu mwezi wa tatu. Mama aliacha ungo chini na kusimama tu mlangoni, akimtazama. Jioni ile alisema nikuandikie hivi: mtoto niliyemlisha ugali wa kambini amenilisha mimi sasa, Mungu amlipe. Nimeandika kama alivyosema.

Na mimi nasema asante yangu mwenyewe, mbali na ya mama. Ulinijibu kila barua. Hukuniambia niende kwa fundi.

Nuru

*

Baraka, 24 Septemba 2023

Kaka Isidore,

Najua ni zamu yako kuandika, na Roger anasema umebanwa na mitihani. Lakini siwezi kungoja.

Nimefanya ujinga na sijui nitoke vipi. Bahati ana furaha. Anakula, anataniana, amewafunga vijana wote wa parking na Eddy anamwita chef, yaani mkubwa. Na hajatia mguu chini hata siku moja! Ana haja gani? Marafiki wanamjia kwa waifai. Magongo yako palepale ukutani, mama ameanza kuyaanikia nguo. Wageni wamepungua pia, maana wanaingia na kumkuta amevaa vile vya masikioni, anapiga kelele na watu wasiowaona.

Jana mtu wa kiné alilikunja goti lake. Bahati alipiga yowe. Tulipotoka nje akaniambia polepole: "Dada, kama anaendelea vile, paka mwezi moja, iyo goti itakatala kabisa. Pale mi sitakuwa na kitu ya kufanya." Mwezi mmoja, kaka. Niliposema na Bahati akanijibu, "Kesho." Kila siku kesho.

Nilikuomba unisaidie kuunganisha. Sasa nakuomba unifundishe kukata, bila yeye kujua ni mimi. Nikimnyang'anya mashine atarudi ukutani, na safari hii atakuwa na sababu.

Nuru

*

Fizi, 27 Septemba 2023

Dada Nuru,

Hujafanya ujinga. Ulitaka moyo wake usimame, na umesimama. Tulikosea jambo moja tu, mimi na wewe: tulidhani mguu utajifuata wenyewe.

Kukata sitakufundisha. Nilikaa na barua yako usiku kucha na kila njia niliyoiona ilikuwa ya kumnyang'anya kitu mtu ambaye ameshanyang'anywa vya kutosha. Halafu asubuhi, nikiwa ubaoni, nikakumbuka namna mama yako alivyokuwa akinitoa hemani kule kambini nilipofiwa na mama yangu na kukataa kutoka. Hakunivuta. Hakunikemea. Alikuwa anapika upande wa pili, akiwaita watoto wote kwa jina kasoro mimi, na harufu ya maharage ikanifikia. Nilitoka mwenyewe nikiwa na hasira kwamba nimesahauliwa. Hadi leo sijamshukuru vya kutosha. Mwambie namshukuru.

Kwa hiyo usikate. Fungua. Mrudishie Mama Espérance neno la siri. Wape wote, bamama wa msikitini, wavuvi, hata muuza mkate. Mashine yake uendelee kuizima mchana kama kawaida. Jioni atawasha, atakuta pamejaa, na vijana watakuwa salle wanapiga kelele. Atakuita. Usisikie.

Ua wenu una hatua chache tu. Uufagie vizuri, uondoe mawe. Na kiti chako uwe tayari kukiacha.

Isidore

*

Baraka, 8 Oktoba 2023

Kaka,

Nimesema uongo tena kwa Mama Espérance, kwamba kisanduku kimepona. Alifurahi sana akaja na kwaya nzima.

Siku ya kwanza Bahati aliita mpaka sauti ikamkauka. "Nuru! Réseau inanitupa inje! Eddy! Juu ya nini munanyamaza?" Eddy alitaka kuinuka, nikamkanyaga mguu. Akaita mama. Mama alikuwa anatwanga majani ya sombe, akazidi kutwanga. Sikumwambia mama mpango wetu, kaka, naapa. Alijua tu. Siku hiyo Bahati hakutoka. Usiku hakunisemesha.

Siku ya pili hivyo hivyo. Nilikaribia kushindwa, nikashika ruta nikataka kuizima na kuiwasha ili apate. Nikaikalia mikono yangu.

Siku ya tatu nikasikia gongo likigonga saruji. Sikugeuka. Nilikuwa naangalia skrini na sioni kitu. Gongo, halafu kimya, halafu gongo. Katikati ya ua akasimama, akashika kamba ya nguo, akaanza kutukana kisanduku kile kwa Kiswahili, Kifaransa na Kibembe. Mama akaacha kutwanga. Nilitamani kukimbia nikambebe, nikajing'ata kidole, alama ipo mpaka leo. Kisha mlango ukawa na giza, na yeye akawa hapo, jasho linamtiririka, mguu unatetemeka.

"Munaniona?" akasema. "Mi njo huyu."

Vijana wote walisimama. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyempigia makofi, walimpisha tu kama anavyopishwa mtu aliyechelewa kidogo. Akakaa kwenye kiti changu akamfunga Eddy mabao manne.

Tangu hapo anakuja kila jioni kulalamika. Mtu wa kiné amesema goti linalegea. Mama amesujudu mpaka paji la uso lina vumbi. Bahati hajui lolote, na usimwambie kamwe.

Asante. Asante. Asante.

Nuru

*

Baraka, 22 Oktoba 2023

Kaka Isidore,

Ni mimi Bahati. Barua hii namkabidhi Roger mkononi mwake mwenyewe, dada asiione.

Dada amekuwa akiniambia kila siku kwamba ruta ina ugonjwa usiojulikana na kwamba wewe huko Fizi unautafutia dawa. Nikamwonea huruma kwa jinsi anavyojitahidi kusema uongo, maana hajui, macho yake yanakimbilia darini. Mimi nimejua tangu wiki mbili zilizopita. Mama Espérance aliingia chumbani akanishika mkono akasema, "Aksanti, mutoto yangu, dada yako alitufungulia waifai bote." Nikakumbuka ile barua ya viti kumi. Nikajua wewe upo ndani ya jambo hili, kwa sababu dada peke yake angenipiga kwa gongo.

Nilikasirika, sikufichi. Nilikaa siku nzima nikipanga maneno ya kukuandikia, na yalikuwa mabaya. Halafu jioni nikasikia vijana wanaingia salle, na kabla sijayamaliza maneno yenyewe nilikuwa tayari natafuta magongo.

Nashukuru, kaka. Kwa kule kutafuta namba zangu nisiachwe nje, na kwa kuniacha nje. Usimwambie dada kwamba najua. Anafurahi sana kunidanganya, na mimi jioni nikifika mlangoni natukana ruta kwa sauti ili asikie.

Jana mvua ilinyesha toka mchana, hakuna mgeni aliyekuja. Nikawasha mashine kitandani, na mchezo wao nikauona papo hapo, réseau imeshika vizuri kuliko siku zote.

Nikaizima, nikaenda.

Bahati